Ombi la Kuachiwa Mfanyakazi Mmoja Asiyelindwa

Gesima, Kaunti ya Nyamira

Kwa Katibu Mkuu,
Muungano wa Wafanyakazi wa Viwanda vya Mazao,
Makao Makuu, Nairobi.

Ndugu Katibu Mkuu,

KUH: CHAMA CHAKO KUWALINDA WAFANYAKAZI KUPITA KIASI

Pokea salamu kutoka huku Gesima, ambako chai inachipuka vizuri, ndizi zinaiva, na msimamizi anadharauliwa.

Mimi ni Haron Mogaka, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha chai ambacho sitakitaja, kwa sababu meneja wetu ni mtu wa hasira. Naona jina langu mwenyewe nimeshalitaja, lakini nimeandika kwa wino na karatasi nzuri zimebaki chache, basi liwe liwalo.

Idara yangu ni ya kusaga majani. Mimi ni mtu mfupi. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa wengine. Kwa kimo changu nisingeonekana nyuma ya mashine hata moja, kwa hiyo Mungu alinipa sauti, na kiwanda kikanipa firimbi. Kwa vitu hivyo viwili nimeongoza watu miaka mingi, nao wakawa wananiita Firimbi nisipokuwepo. Siku hizi wananiita hivyo nikiwepo. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nayapanga kwa nambari ili usipotee.

1. Kuhusu sauti yangu.

Kabla ya chama chako kuingia hapa kwetu, neno langu moja lilitosha: "Utarudi kwenu!" Mtu aliyeambiwa hivyo alikimbia hata kama hakujua anakimbilia wapi. Lilikuwa neno zuri, halili mafuta wala halihitaji vipuri. Kisha wafanyakazi wakajiunga na chama, karibu wote, wakamchagua Mama Persis Mong'ina wa idara ya kuchambua awe mwakilishi wao. Huyu ni mama mjane, anafundisha watoto kanisani kwetu, na sijawahi kumsikia akipaza sauti hata anapofukuza kuku.

Haikupita muda nikamwambia mzee anayechochea moto wa boila kwamba atarudi kwao. Alivua kofia kwa adabu, akasema, "Sawa, bosi. Niandikie sababu, nipate nafasi ya kujieleza, na Mama Mong'ina awepo."

Sababu! Ndugu Katibu, kama ningekuwa na sababu, ningepiga kelele za nini?

2. Kuhusu kitufe chekundu.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, na naomba ulisome polepole.

Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Unajua chai inavyofanya ikipata mvua na jua kwa zamu: inakuja yote kwa pamoja, kama wageni wa matanga. Malori yalipanga foleni hadi barabarani. Vitanda vya kunyaushia majani vilijaa, na majani yaliyobaki kwenye magunia yakaanza kupata joto. Meneja alikuwa akinipigia simu kutoka ofisini kuuliza mbona mashine inasuasua, na kabla sijajibu anakata, halafu anapiga tena kuuliza mbona sikujibu.

Mashine yenyewe ni ile ya roli zenye meno, inayokata majani yakawa chembechembe. Kifuniko chake cha kinga kilikuwa kimepasuka, fundi akakipeleka Kisii mjini kuchomelewa. Sisi tukaendelea bila kifuniko. Majani yalikuwa na maji mengi, yakawa yanagandamana kwenye roli. Utaratibu unasema mashine izimwe, ikwanguliwe, iwashwe tena. Lakini mimi nilikuwa na meneja kwenye sikio moja na honi za malori kwenye sikio la pili, na kati ya masikio hayo hakukuwa na nafasi kubwa ya utaratibu. Nilimwamuru Ishmael Bosire akwangue huku roli zikizunguka.

Ishmael ni mtu mpole, baba wa mapacha, na ndiye besi ya kwaya yetu. Aliniangalia. Akaziangalia roli. Akaniangalia tena. Nikapuliza firimbi, naye akaingiza kikwangulio.

Wakati huo Mama Mong'ina alikuwa anapita kwenda kuchukua magunia. Aliona. Hakunigombeza, hakuniita, wala hakukimbia. Alienda moja kwa moja ukutani akabonyeza kitufe kikubwa chekundu, ambacho mimi kwa miaka yote nilikichukulia kama pambo.

Kiwanda chote kikanyamaza. Nimefanya kazi pale tangu nikiwa na nywele kichwani, na sikuwahi kujua kwamba mle ndani unaweza kusikia ndege wa nje. Katika ukimya ule tulimsikia Ishmael akisema, "Yesu," kwa ile sauti yake ya besi. Roli zilikuwa zimemdaka glavu. Mkono aliuchomoa mzima. Ncha ya glavu ilikuwa imeshapita, na ilipotokea upande wa pili ilikuwa imekatwa vizuri kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeweza kuipokea kama chai ya daraja la pili.

Mimi, kama mkuu wa zamu, nilijua wajibu wangu. Nilimkabili Mama Mong'ina nikamwambia, "Nani amekupa ruhusa? Unajua haya majani yote yataharibika?"

Akanijibu kwa Kigusii, kisha akarudia kwa Kiswahili ili madereva wasio wa kwetu nao wasikie: "Tata Haron, chai ukiikata inachipuka. Mkono wa Ishmael ukikatwa, utachipukia wapi?"

Aliniita Tata, yaani baba, kwa heshima kabisa. Afadhali angenitukana.

Nikapuliza firimbi ili kazi iendelee. Hakuna aliyesogea. Nikapuliza tena kwa nguvu zaidi, ndipo nikagundua kwamba sina pumzi, na kwamba nimekaa chini kwenye sakafu. Sikumbuki nilikaa saa ngapi. Magoti yangu yalifanya mgomo bila kutoa notisi, kinyume cha sheria za nchi, na mpaka leo sijasikia chama chako kikiyakemea.

Aliyeniletea chai ya kunituliza ni Ishmael. Alikishika kikombe kwa mkono uleule. Nikawa nakunywa huku nautazama ule mkono, vidole vyote, nikavihesabu mara mbili. Nalalamikia kikombe hicho pia.

3. Kuhusu kulindwa bila kuomba.

Kesho yake kulikuwa na kikao. Alikuja ofisa wa tawi lenu kutoka Kisii, mtu mkimya mwenye miwani, akaketi kando ya Mama Mong'ina. Kabla hawajafika, meneja alikuwa ameniita pembeni na kunieleza kwamba nitaandika maelezo mafupi tu: Ishmael aliingiza mkono kwa hiari yake, bila kuagizwa. Ishmael angeachishwa kazi, kiwanda kingeendelea, na kila mtu angeridhika isipokuwa Ishmael.

Niliishika kalamu, Ndugu Katibu. Sitaki kujifanya malaika. Lakini nilikuwa nimeketi mkabala na Ishmael, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, imetulia, kama mtu anayesubiri kuombea chakula. Kalamu ikakataa kuandika. Nilisema imekauka wino. Ofisa wenu akanipa yake. Nayo nikasema imekauka. Akanitazama juu ya miwani, akaijaribu kwenye kiganja chake, ikaandika vizuri sana.

"Nilimwagiza mimi," nikasema. Sijui nani alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno kuwa yangu.

Meneja akageuka kwangu, macho mekundu kama kile kitufe. "Basi ni wewe, Mogaka. Utarudi kwenu!"

Nimelitumia neno hilo nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kulisikia likija upande wangu. Nilifikiria nyumba yetu, nikajiona nikiingia mchana na sanduku la chakula mkononi, Jacinta mke wangu akiniuliza mbona mapema. Nikataka kukimbia, nami sikujua ninakimbilia wapi.

Ndipo Mama Mong'ina akasema, "Bwana Meneja, huyu si mwanachama wetu, na mengi aliyotutendea tunayajua. Lakini siku ile simu yake haikunyamaza hata kidogo. Nani alikuwa anampigia? Na nani aliruhusu mashine ifanye kazi bila kifuniko?"

Meneja alianza kuitazama dari. Ofisa wenu naye akaitazama, kwa heshima, kuona kama jibu liko huko.

Mambo yakaamuliwa. Mashine isiwashwe mpaka kifuniko kirudi. Ishmael abaki kazini. Wasimamizi wote tufundishwe usalama, na mwalimu wetu wa kwanza awe Mama Mong'ina. Mimi nikapewa barua ya onyo, kwa maandishi, ikiwa na sababu, na nikapewa nafasi ya kujieleza. Nilijieleza muda mrefu. Walinisikiliza wote bila kunikatiza. Sijawahi kusikilizwa namna ile tangu siku ya harusi yangu, na siku ile pia nilikatizwa na mjomba.

Sasa nauliza: mimi silipi ada ya chama. Nimekipinga hadharani na faraghani. Kuna nidhamu gani katika chama kinachomkinga hata adui yake? Nimelala vibaya tangu siku ile, na sababu ni shukrani, ugonjwa ambao sikuwa nao.

4. Kuhusu ugonjwa huu kuambukiza nyumbani.

Nilidhani nikifika kwangu nitakuwa bosi. Nina kipande cha chai nyuma ya nyumba, na mchumaji wangu anaitwa Mokeira, mama wa makamo anayechuma haraka kuliko macho. Juzi alasiri mbingu ilifunga upande wa Kisii, radi zikaanza. Mokeira akaweka kikapu chini, akaingia jikoni kwetu, akaota moto.

Nikamwambia majani hayawezi kungoja. Akasema radi pia haingoji. Nikamuuliza nani amemfundisha maneno hayo. Akasema kwenye chama chao cha akina mama alikuja mgeni kuzungumza, mama mmoja mpole, anaitwa Mong'ina. Jacinta naye alikuwa anapika mboga ya chinsaga. Bila kugeuka akasema, "Kama majani yana haraka, si uende wewe?"

Nikaenda. Mtu hawezi kushindwa pote. Nilichuma kwa hasira mpaka mvua ya mawe ilipoanza, na hapo kwetu Gesima mvua ya mawe haiji kwa mzaha. Nilirudi jikoni nikikimbia, na kikapu nimekivaa kichwani. Jiwe moja lilikuwa limenipata kwenye paji la uso kabla sijapata wazo la kikapu. Mokeira alinisogezea kigoda karibu na moto, akaniuliza kama ningependa kuandika ripoti ya ajali.

Walicheka, Ndugu Katibu. Mke wangu alicheka mpaka akaacha mwiko. Nami, kwa kuwa kichwa kiliniuma na sikuwa na akili zangu zote, nikacheka pamoja nao.

5. Kuhusu Sabato.

Zamani nilikuwa na udhuru mzuri. Kila Jumamosi nilikuwa zamu, na mchungaji akiniuliza nilimkumbusha ng'ombe aliyetumbukia kisimani, ambaye Bwana mwenyewe aliruhusu atolewe hata siku ya Sabato. Ng'ombe wangu alitumbukia kila wiki kwa miaka mingi. Kisha chama chako kikadai zamu zipangwe kwa kupokezana ili kila mtu apate siku yake ya ibada, na ratiba haikunisahau hata mimi. Sasa naketi kanisani, benchi la mbele, kwa sababu nyuma hujaa.

Jumamosi ya kwanza tulisoma kitabu cha Kutoka, pale Farao anapowaamuru "wasimamizi wa watu." Ndivyo Biblia inavyosema, wasimamizi, cheo changu hasa. Nikajikaza. Tukaendelea mpaka penye watu kunyimwa majani ya kufyatulia matofali. Neno "majani" lilipotajwa, watu wote wa idara yangu waliokuwamo waligeuka kunitazama, na besi ya kwaya ikakohoa.

Naomba nirudishiwe ng'ombe wangu.

6. Ombi lenyewe.

Sisemi chama kivunjwe. Mimi ni mtu wa kiasi. Chama kikubwa kama chako, chenye matawi kila penye bomba la moshi, hakiwezi kupungukiwa na chochote kikiniachia mfanyakazi mmoja tu. Mmoja asiyelindwa. Awe wa kimo cha kati, ikiwezekana mfupi kuliko mimi, mwepesi wa kuogopa, na asiwe jirani, ili mkewe asije kumweleza mke wangu. Nitakuwa namkaripia asubuhi, kidogo tu, sauti isije ikashika kutu. Jioni anaenda kwake.

Nilikaa kupanga namna ya kumtumia, ili usidhani nitamharibu. Niliona kwanza ni lazima niwazuie wengine wasimkaripie, maana akikaripiwa na kila mtu atazoea, na mtu aliyezoea haogopi vizuri. Kwa hiyo nikaweka kwamba meneja asimguse bila kupitia kwangu. Kisha nikaona akiumia nitampoteza, basi apewe glavu, na asizisogelee roli mpaka mashine izimwe. Akichoka ataitikia kwa uvivu, basi apumzike. Akiwa na wasiwasi kwamba atafukuzwa kesho, hatasikia ninachosema leo, basi ahakikishiwe kazi yake. Akiugua aende hospitali na arudi, nimkute. Nilipoyasoma yote tangu mwanzo niliona kwamba nimeandika mkataba mzuri kuliko ule mliotusainisha, na kwamba yule mtu analindwa kuliko wote kiwandani.

Hata hivyo ombi langu liko palepale. Naamini ninyi mna wataalamu watakaojua namna ya kulitekeleza bila kosa hilo.

Nakushukuru kwa kunisoma mpaka hapa, na nakuomba uwasalimie makatibu wenzako, madereva wenu, mama wa chai wa ofisi yenu na mlinzi wa lango. Huku Jacinta anakusalimu, Mokeira anakusalimu, Ishmael anakusalimu kwa mikono miwili. Meneja hajui kwamba naandika.

Ni mimi mlalamikaji wako mtiifu,

Haron Mogaka,
Msimamizi wa Zamu

T.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha hii wakati Ashley, binti yetu wa kwanza, alipopiga simu. Tangu mwaka jana anashona nguo kwenye kiwanda kimoja huko nje ya Nairobi. Alitaka kuongea na mama yake, lakini Jacinta alikuwa kisimani, basi akabaki na mimi. Simu ilimponyoka mara mbili, nikamuuliza mbona anaishika kwa shida. Akasema si kitu, sindano ya mashine ilipita kidoleni, ikatokea upande wa pili. Nikamuuliza hospitali walisema nini. Akasema hakwenda. Msimamizi wao alimpa kipande cha kitambaa akafunge, akamwambia kazi haijaisha, na asiyetaka lango liko wazi. Chama hawana. Waliowahi kukitaja hawapo tena kazini.

Nikamuuliza kama huyo mtu anampigia kelele. Akacheka, mtoto huyu, akasema, "Baba, hiyo hainisumbui. Nimekulia nayo."

Ndugu Katibu, ikiwa umeshaanza kuyashughulikia malalamiko yangu kwa mpangilio wa nambari, naomba uyaache yote. Nataka kujua jambo moja: je, chama chako kinafika mpaka huko? Kama hakifiki, kitafika lini? Nimeandika jina la kile kiwanda na njia ya kufika kwenye karatasi ya pembeni, kwa herufi kubwa.

Sikuweza kungoja jibu, kwa hiyo nilikwenda kwa Mama Mong'ina. Nilimkuta anapalilia mboga. Nilimweleza nikiwa nimesimama getini, na nadhani sauti haikunitoka vizuri, kwa sababu alinikaribisha ndani akanipa maji kabla sijamaliza. Hakunikumbusha chochote. Aliuliza tu ni kidole gani, na kama ni mkono anaoandikia. Kisha akasema ofisa wa tawi akimpa barua ya utambulisho, ataondoka na basi la kwanza.

Naomba umwagize ofisa huyo aitoe leo, wala si wiki ijayo. Ruhusa yake ya kazini nimeshaitia sahihi mimi mwenyewe. Meza yake ya kuchambua nitaishika mimi mpaka arudi. Wameshanipa kofia ya kufunikia nywele na kuniambia nisimame juu ya kreti.